Nilitangaza dawa ya urefu. Sasa nisikilizeni

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndiyo mtu asikuje kwa komenti akidhani amenishika.

Mwaka jana nililipwa shilingi 12,000 nitangaze matone ya kuongeza urefu. Chupa moja 3,500, na kila mtu akinunua kwa namba yangu ya punguzo, mimi napata 300 juu. Nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Nikasimama kando ya mlango, nikapiga video ya sekunde 40, nikasema ati binamu yangu ameongeza inchi mbili kwa miezi mitatu. Sina binamu kama huyo. Video ikashika, watu wakacheka, wakatag marafiki wao wafupi, mimi nikalipa nyumba.

Baada ya miezi kama minne nikapata ujumbe kwa inboksi. Mathe mmoja, anauza mboga. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliandika: "Kijana wangu, nilinunua ile dawa chupa mbili. Mtoto wangu ana miaka 11 na bado anavaa sare ya Grade 3. Kwani inachukua muda gani?"

Alikuwa ananiuliza kipimo cha dawa. Mimi. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa na uhusiano wowote na dawa.

Nilikaa na huo ujumbe siku mbili bila kujibu. Kisha nikamtafuta msichana tuliyesoma naye sekondari, sasa yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Nikamsomea. Akaniuliza maswali matano: Mtoto huchoka sana? Huhisi baridi wakati wengine wako sawa? Tumbo hufunga? Ngozi imekauka? Shuleni ameanza kurudi nyuma? Nikamuuliza mathe. Ndiyo kwa yote matano. Na kitu kingine, alikuwa ameongeza uzito kidogo, kwa hivyo kila mtu nyumbani alikuwa anasema "huyu anakula vizuri, atarefuka tu."

Rafiki yangu akasema: mwambie amtoe damu, apimwe thairoidi.

Akapimwa. Thairoidi, hiyo tezi ya shingoni yenye umbo la kipepeo, ilikuwa karibu imelala kabisa. Hapo ndipo urefu ulipotelea, na maksi pia. Daktari akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Levothairoksini. Dawa ya zamani, iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu ambazo kila nchi inafaa kuwa nazo. Vidonge vya mwezi mzima vilimgharimu pesa kidogo kuliko chupa moja ya yale matone yangu.

Miaka mitatu huyo mtoto alikuwa amekwama. Mara ya mwisho mtu kumpima urefu, mathe hakumbuki. Na pesa ambayo ingempima damu ilikuja kwangu.

Nimeifuta hiyo video na nikamrudishia mathe 7,000 zake. Hiyo si ya kujisifu, ni deni. Lakini nimekasirika, na hasira yangu si yangu pekee yangu. Hii nchi inajua kucheka mtoto mfupi, inajua kumuuzia mtoto mfupi, lakini haijui kumpima. Leo naongea hiyo maneno.

Kwanza, tuelewane kuhusu ufupi

Ufupi si ugonjwa. Kama baba yako na mama yako ni wafupi, na wewe ni mfupi, na kila mwaka umekuwa ukiongeza urefu wako polepole, uko sawa. Huna kitu cha kutibu. Wale wanakuambia mwanaume wa chini ya futi sita si mwanaume ni watu wanatafuta watazamaji, nawajua, nakula nao.

Kitu cha kuangalia ni mtoto ambaye *ameacha* kukua, au anakua kwa mwendo wa konokono.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto anaongeza karibu sentimita 25 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, karibu 12. Akifika miaka minne mpaka abalehe, anaongeza kama 5 au 6 kila mwaka. Halafu ndiyo ile ya kubalehe inakuja, suruali inakuwa fupi kila muhula. Kwa hivyo mtoto wa miaka saba ambaye mwaka mzima ameongeza sentimita tatu, huyo anataka kuonwa. Hata kama si mfupi kuliko wote darasani, huo mwendo tayari umesema kitu.

Unajua nani ana hiyo habari na hajui anayo? Mwalimu. Nyote mnakumbuka paredi, wafupi mbele, warefu nyuma. Kuna mtoto alikuwa katikati ya mstari Grade 1. Grade 3 amesogezwa mbele kidogo. Grade 6 yuko mbele kabisa, na watoto wa Grade 4 wanamwangalia kutoka juu. Hiyo ni chati ya ukuaji imesimama kwa jua kila Jumatatu asubuhi, na kazi pekee tumeipatia ni kumtungia jina. Nusu. Kadogo. Wembe. Sijui mlikuwa mnaita wenu nani, lakini alikuwepo.

Na nyumbani, mzazi anafurahi kwamba sare imekaa miaka mitatu na viatu havibani. "Huyu hanisumbui na kununua nguo." Mzazi wangu, hiyo si baraka. Mtoto ambaye nguo hazimkatai ni mtoto wa kupeleka hosi.

Ni nini huwa kimeharibika

Sababu ni nyingi, na kubwa zaidi hapa kwetu ni chakula na magonjwa ya kila mara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, kwa hivyo tumesonga. Lakini Kilifi ilikuwa bado 37, West Pokot 34. Huko mtu akikuambia ukanunue matone, mwambie mtoto anahitaji mayai, maharagwe, maji safi na dawa ya minyoo.

Lakini udumavu wa njaa umefanya kitu kingine kibaya: umekuwa jibu la kila kitu. Mtoto mfupi akifika kliniki anaambiwa lishe. Mama anaambiwa ampe uji wa mchanganyiko. Akiwa anakula vizuri, wanasema ni ukoo. Akiwa wa ukoo mrefu, wanasema atarefuka baadaye. Na huko kijijini kuna shangazi ameshaamua ni nani alimroga. Majibu ni mengi na hakuna hata mmoja aliyetoa futi ya kupimia.

Sasa, homoni. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo hutoa homoni ya ukuaji, na tena ndiyo huamrisha thairoidi ifanye kazi. Wakati mwingine mtoto anazaliwa ikiwa na kasoro. Wakati mwingine inaharibika baadaye. Na wakati mwingine kuna uvimbe unaikandamiza, na hapo urefu unakuwa shida ndogo kabisa. Mtoto ameacha kukua, anaumwa kichwa, anatapika asubuhi, haoni vizuri pembeni: huyo hangoji likizo ifike. Kuacha kukua kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya hicho kitu kichwani, kabla ya macho kuanza kupotea.

Kwa wasichana kuna nyingine inaitwa Turner, mtoto anazaliwa kromosomu moja ya X ikiwa haipo au haijakamilika. Huwapata karibu msichana mmoja kwa kila 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Wengi ufupi ndiyo dalili ya kwanza watu wanaona, na mwingine hajulikani mpaka afike miaka 15 bila hedhi, aanze kusemwa mtaani. Moyo wake pia unaweza kuwa na kasoro. Yaani tulikuwa tunamcheka urefu na hakuna aliyesikiliza moyo.

Yule mtoto mtulivu

Kuna sehemu moja ya hii story inanikosesha usingizi kuliko ya urefu.

Kuna watoto wanazaliwa thairoidi haifanyi kazi, au haipo kabisa. Kwenye nchi zinazopima watoto wote, inapatikana kwa mtoto mmoja kati ya kila 2,000 hadi 4,000. Akizaliwa anakaa sawa, kwa sababu homoni ya mama ilikuwa inamsaidia tumboni. Wiki zikipita, umanjano wa macho hauishi. Kitovu kimevimba. Ulimi unaonekana mkubwa. Tumbo linafunga. Analala sana, halii sana, na akilia sauti ni ya kukwaruza.

Sasa fikiria mtoto kama huyo kwa nyumba ya Kikenya. Wageni wanakuja kuona mtoto, wanasema nini? "Aki huyu mtoto ni mzuri. Hasumbui. Analala usiku wote." Mama anasifiwa. Anamshukuru Mungu.

Na hizo ndizo wiki zenyewe. Homoni ya thairoidi ndiyo inajenga ubongo wa mtoto mchanga. Akipewa kile kidonge ndani ya wiki mbili hivi za kwanza, kikisagwa na kuwekwa kwa maziwa kidogo ya mama, anakua mtoto wa kawaida, anaenda shule, anakusumbua kama wengine. Akicheleweshwa miezi, ubongo unaumia na haurudi. Unaweza kuanza dawa akiwa na miaka mitatu na akarefuka kiasi, lakini akili iliyopotea haikuwa inangoja.

Kipimo ni tone la damu kutoka kisiginoni, kwenye karatasi, siku chache baada ya kuzaliwa. Hii si teknolojia ya jana. Huko Québec, Kanada, walianza kupima watoto hivyo miaka ya 1970. Nusu karne imepita. Hapa kwetu mpaka leo hakuna mpango wa kitaifa wa kupima kila mtoto anayezaliwa. Ukijifungua kwa hospitali fulani za bei na ukaomba, utapimiwa. Ukijifungua kwa zahanati, unapewa kijitabu, chanjo, na pongezi.

Kwa hivyo Kenya ubongo wa mtoto unategemea mama alijifungulia wapi. Kama hiyo haikukasirishi, sijui nini itakukasirisha.

Wauzaji wa asili, nawageukia

Naongea na nyinyi nikiwa mmoja wenu, kwa hivyo tusidanganyane.

Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya kipande cha nyama. Ndiyo maana watoto wanaotibiwa kweli wanadungwa sindano chini ya ngozi, wengi kila jioni, miaka mingi. Siku hizi zipo za mara moja kwa wiki, ya kwanza ya watoto ikaidhinishwa Marekani mwaka 2021. Lakini zote ni sindano. Kama ingewezekana kuiweka kwa sirapu ya ladha ya embe, hakuna mzazi duniani angekuwa anamdunga mtoto wake akilia.

Ile kitu ya pili mnapenda kusema ni "ya asili kabisa." Sawa, wacha niwaambie homoni ya ukuaji ya asili ilitoka wapi. Kutoka mwisho wa miaka ya 1950 mpaka 1985, ilikuwa inatolewa kwenye tezi za watu waliokufa. Pituitari za maiti zinakusanywa mochari, zinachujwa, watoto wanadungwa. Wengi walirefuka. Halafu baadhi yao, miaka mingi baadaye, wakaanza kuyumba, kusahau, na kufa kwa ugonjwa wa ubongo unaoitwa Creutzfeldt-Jakob, uliotoka kwa zile tezi. Marekani ikasimamisha mwaka 1985, na mwaka huo huo ikaidhinisha ile ya kutengenezwa maabara, ambayo ndiyo inatumika mpaka leo. Kwa hivyo ukiniambia ya maabara ni mbaya na ya asili ni salama, umekosa historia.

Ya tatu, mazoezi ya kuning'inia. Ning'inia, ni poa kwa mgongo. Lakini mifupa mirefu inarefuka kwenye sehemu laini karibu na ncha zake, na hizo sehemu zikifunga zimefunga. Kwa wasichana wengi ni kama miaka 14 au 15, wavulana kama 16 au 17. Daktari hupiga eksirei ya mkono wa kushoto na kuona kama bado ziko wazi. Msee wa miaka 22 akinunua matone yako ametupa pesa tu. Lakini mtoto wa miaka 11 ambaye mama yake amekuamini, huyo umemlia muda. Pesa nilirudisha. Miezi minne ya huyo mtoto siwezi kurudisha, na mifupa yake ina tarehe ya kufunga.

Na story ya Messi tuache kuiharibu

Kila mtu anaijua. Mtoto wa Rosario, Ajentina, alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, sasa ni Messi. Halafu mnaweka muziki wa huzuni na maneno "usikate tamaa."

Angalieni hiyo story vizuri. Alikuwa na miaka kama 10 au 11 daktari alipogundua. Maana yake kuna mtu alimpima, akaona hakui, na akamtuma kwa mtaalamu wakati mifupa bado iko wazi. Alijidunga mguuni kila usiku. Dawa ilikuwa mamia ya dola kila mwezi, baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Pesa ikawa shida, vilabu vya kwao vikasitasita. Desemba 2000, akiwa na miaka 13, mkurugenzi wa Barcelona akaandika ahadi ya kumsajili juu ya kitambaa cha karatasi, na klabu ikabeba gharama ya matibabu. Hicho kitambaa kiliuzwa kwenye mnada wa Bonhams mwaka 2024 kwa pauni 762,400.

Bidii alikuwa nayo, sijakataa. Lakini kilichomrefusha ni kipimo mapema na mtu wa kulipa. Mtoto wa Dandora mwenye tezi kama ile ile anaweza kuwa na bidii mara mbili na hataongeza hata sentimita moja kwa bidii. Kumwambia "angalia Messi" bila kumpeleka kupimwa ni matusi.

Najua mtasema nini

*"Urefu ni mpango wa Mungu."* Sawa. Na insulini? Mtoto wako akiwa na kisukari utamwacha kwa sababu Mungu alipanga kongosho? Thairoidi ni homoni kama insulini ni homoni. Hakuna mchungaji anavunja miwani ya macho.

*"Baba yake pia alichelewa kurefuka."* Inawezekana, na wako wengi hivyo, wanachelewa kubalehe halafu wanapita wote. Lakini hata hao kabla ya kubalehe wanaongeza zile sentimita zao kila mwaka. Pima, ndiyo ujue kama ni kuchelewa au kukwama. Usikisie miaka mitano.

*"Unataka kufanya kila mtoto mfupi mgonjwa."* Hii nimeifikiria sana kwa sababu ina ukweli. Marekani mwaka 2003 iliruhusu homoni ya ukuaji hata kwa watoto wafupi sana wasio na upungufu wowote, na faida yao huwa ni sentimita chache baada ya miaka ya sindano na pesa nyingi. Sitaki tuige hiyo. Sitaki mzazi mwenye doo Kileleshwa amdunge mtoto mzima ndiyo acheze basketboli. Nataka yule mwenye upungufu wa kweli apatikane. Na ukipima vizuri, wengi utawaambia "wewe uko sawa, enda ucheze," na hiyo pia ni dawa kwa mtoto ambaye ameitwa Nusu tangu Grade 2.

*"Hakuna madaktari."* Hapa ndipo nilishangaa. Tangu 2008 Nairobi imekuwa na kituo cha kufundisha madaktari wa homoni za watoto kwa ajili ya Afrika. Madaktari wa watoto kutoka nchi nyingi wanakuja hapa kujifunza, wanarudi kwao kuanzisha kliniki. Yaani ujuzi uko hapa hapa mjini. Bado hawatoshi, na mtu wa Lodwar atasafiri siku nzima, sikatai. Lakini mtaalamu hawezi kumwona mtoto ambaye hakuna mtu amemtuma.

*"Serikali haina pesa."* Sindano za homoni ya ukuaji ni ghali kweli, na sitawadanganya ati zitakuwa bure kesho. Lakini futi ya kupimia ni ya bei gani? Tone la damu kwenye karatasi? Kidonge cha thairoidi? Linganisha na kumlea na kumsomesha mtu mzima ambaye ubongo uliumia kwa kukosa hicho kidonge, maisha yake yote, na mara nyingi anayelea ni mama pekee yake.

Ninachotaka

Wizara ya Afya: kila mtoto anayezaliwa apimwe thairoidi. Anzeni na hospitali kubwa za kaunti kama hamwezi kila mahali. Na kile kijitabu cha mama na mtoto tayari kina chati ya urefu. Fungueni cha mtoto yeyote mtaani kwenu: uzito umejazwa mpaka chanjo ya miezi tisa, labda mwaka na nusu, na upande wa urefu ni mweupe. Ijazwe. Mwaka 2023 mliwapa wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000 mifuko ya vifaa vya kupimia presha na sukari. Ongezeni utepe wa kupimia urefu, na muwafundishe kuusoma.

Shule: baada ya miaka mitano mtoto hapimwi na mtu. Kijitabu kinaisha, kliniki inaisha. Chati za Shirika la Afya Duniani za miaka 5 hadi 19 zipo tangu 2007. Mara moja kwa mwaka, siku ya kufungua, kila mtoto asimame ukutani, iandikwe. Mwalimu wa darasa anaweza kumaliza watoto 50 kwa asubuhi moja. Na yule aliyesogea mbele kwa paredi, mwite mzazi wake, usimtungie jina.

Watengenezaji wa video: ukipewa pesa ya matone ya urefu, kataa. Najua nyumba inadaiwa. Yangu pia ilidaiwa. Kuanzia leo, nikiona wewe unatangaza hiyo kitu nitakujibu kwa video, na nitaanza na yangu ile niliyofuta, ndiyo usiseme najifanya msafi.

Na wewe unayesoma hii. Una mdogo wako, una binamu, una mtoto wa jirani anayekuja kuomba Wi-Fi. Likizo hii mvue viatu. Visigino, matako na mabega viguse ukuta, macho yaangalie mbele, weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa, piga mstari wa penseli, pima kwa utepe, andika tarehe. Landilodi akilalamika kuhusu ukuta mwambie ni mimi nilisema. Rudia baada ya miezi sita, kisha mwaka. Kama ana zaidi ya miaka minne, hajabalehe, na mwaka mzima hajafikisha sentimita nne, mpeleke hospitali na uende na hizo namba zako. Usiseme "ni mfupi," watakuambia lishe. Sema: "Alikuwa hapa, mwaka mmoja baadaye yuko hapa. Naomba muweke kwenye chati, na mumpime thairoidi." Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani ambaye ni mtulivu kupita kiasi, macho bado ya manjano baada ya wiki mbili, msingoje wiki ya tatu.

Mtaniuliza yule msichana yuko wapi sasa. Ameanza dawa miezi tisa iliyopita. Ameongeza sentimita saba. Daktari alisema mwili unajaribu kufidia, lakini hajaahidi kwamba miaka yote mitatu itarudi, na mathe hajamwomba aahidi. Juzi alinitumia voisi noti. Alikuwa analalamika, sare mpya ni 2,800 na ile ya zamani imekataa kuingia.

Nilimtumia nusu ya hiyo pesa. Nyinyi chukueni penseli.